Gitaa la baba lilivyoniumbua

Kama wiki yako haikwenda vizuri basi kaa kitako ujifariji kwa yaliyonikuta mimi. Leo sina habari za mastaa wala za nani kaachana na nani. Leo najianika mwenyewe, mchana kweupe, bila kulazimishwa na mtu. Ukinicheka ni haki yako. Hata fundi alinicheka, na yeye nilikuwa namlipa.

Kisa chenyewe ni gitaa la baba.

Kwanza ulijue gitaa lenyewe. Mwaka 1996 kiwanda alichokuwa akifanya kazi baba kilifungwa, wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaherini. Nyumba yetu ya Mbagala wakati huo ilikuwa nusu bati, nusu makuti. Mama alishapiga hesabu zake zote, bati ngapi, misumari kilo ngapi. Baba akatoka asubuhi kwenda kununua bati, jioni akarudi na bati chache na gitaa mgongoni. Mimi sikuwa hata nimezaliwa, lakini kesi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuitolea ushahidi mahakamani. Mpaka leo mama akikasirika haliiti gitaa. Analiita "mke mwenzangu".

Baba hajawahi kupiga bendi yoyote. Yeye ni mtu wa Jumapili jioni. Akishakoga na kula, anakaa kibarazani anapiga polepole mpaka giza liingie. Majirani wanajua wakisikia gitaa la mzee, basi wikiendi imekwisha, kesho ni daladala na kazi. Na sheria ya nyumbani ni moja: hakuna mtu kuligusa.

Basi bwana, mwezi uliopita baba akasafiri kwenda Muheza kwenye msiba wa shangazi yake, akasema atakaa mpaka Jumapili ya pili. Na mimi, si unajua tena ujana, nilikuwa nimeshajitapa mahali. Mshikaji wangu anaoa, na mdogo wake bibi harusi ni mtoto ambaye... tuachie hapo, gazeti hili linasomwa na watu wengi. Nilisema nitapiga gitaa kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Kusema si nimeshasema?

Nikalitungua gitaa msumarini. Sauti yake nikaiona laini mno, ya kubembelezea watoto. Mimi nilitaka sauti kali, ya kukata, watu wageuze shingo. Nikaenda Kariakoo, nikanunua nyuzi za chuma. Nilijua uzi ni uzi tu. Nikazitoa zile za plastiki, nikafunga za chuma, nikakaza. Mwee! Sauti ikatoka, nikajiona tayari niko jukwaani.

Asubuhi yake nikaona jambo. Lile daraja, kile kibao kilichogundishwa tumboni pa gitaa ambacho ndicho kinashika nyuzi, lilikuwa limeanza kunyanyuka kwa nyuma. Karatasi ilikuwa inapita chini yake. Hapo mtu mwenye akili angelegeza nyuzi na kutafuta fundi. Mimi nikaenda dukani kwa Mangi kununua supaglu. Nikamimina, nikabana kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka mia moja, nikakaza nyuzi upya na kulitundika pale pale chini ya bati.

Jua la Mbagala saa nane mchana unalijua. Nilikuwa nimejilaza. Nikasikia PAAA! Nikadhani nazi imeangukia bati. Kukimbilia ndani, nakuta daraja limeng'oka lote na limeondoka na ngozi ya mbao, ufito kama upana wa kidole. Nyuzi zinaning'inia kama utumbo wa kuku.

Mama akaja akasimama mlangoni. Akaangalia. Akauliza kwa upole kabisa, "Mke mwenzangu amefariki?" Nilipokosa jibu akaongeza, "Baba yako anarudi Jumapili." Ilikuwa Jumanne.

Usiku huo sikulala. Jumatano alfajiri nikalifunga gitaa kwenye shuka, nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Keko. Zamani alikuwa seremala wa makabati na vitanda kama wengi wa Keko, lakini siku moja kwaya ikamletea gitaa lililovunjika shingo, akalitengeneza, na tangu hapo makabati yakamkimbia. Siku hizi anafanyia kazi nyumbani kwake, uwani, chini ya kipaa cha bati. Kwenye kamba, pale ambapo wengine wanaanika nguo, yeye ameanika shingo za gitaa. Kuna matumbo yasiyo na mgongo, kuna vanishi, kuna vumbi la mbao kila mahali mpaka kwenye sufuria ya chai. Jiriwa za kununua anazo mbili tu. Nyingine zote ni mipira ya tyubu za baiskeli aliyoikata vipande virefu. Anaizungusha na kuikaza mpaka mbao inalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikafungua shuka. Akatazama muda mrefu. "Nani kaweka nyuzi za chuma?"

"Nimelikuta hivyo, mzee."

"Na supaglu?"

"Nayo nimeikuta."

Ndipo akacheka mpaka akaweka patasi chini. "Basi huyo mwizi aliyeingia kwenu ni wa ajabu. Haibi, anaharibu."

Nikanywea. Nikasema ukweli wote, mpaka wa yule mdogo wake bibi harusi. Mzee akaniambia elfu arobaini. Mimi nilikuwa na ishirini na tano. Akasema iliyobaki nitalipa kwa mikono, siku tatu za kupiga msasa. Msomaji wangu, ile deni ndiyo ilinisomesha.

Somo la kwanza lilikuwa la uzito. "Umewahi kubeba mfuko wa saruji?" Nikasema ndiyo, kilo 50. Akasema gitaa la nyuzi za plastiki limejengwa kuvutwa kama kilo 40 hivi, nyuzi zote sita kwa pamoja. Nyuzi za chuma zinavuta kilo 70, wakati mwingine zaidi. Tena zinavuta usiku na mchana, ukilala zenyewe zinavuta. "Na hii mbao ya uso haifiki hata milimita 3 unene. Umemtwisha mtoto mzigo wa kuli, halafu ukamsimamisha juani."

Nikauliza, kwa nini basi wasiweke mbao nene? Akagonga uso wa gitaa kwa kifundo cha kidole, ukalia kama ngoma ndogo. Akagonga meza, ikanyamaza. Nikaelewa. Ukifanya uso mnene gitaa halivunjiki, ila halisemi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba fundi mmoja wa Hispania, Antonio de Torres, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, ndugu wa boksi, lakini uso ukawa wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti kubwa ya gitaa ni uso. Kwa hiyo fundi anacheza hapo katikati: wembamba wa kutosha kuimba, nguvu ya kutosha kubeba.

Somo la pili ni gundi. Supaglu, mzee alisema, ina kazi zake, lakini si kubeba daraja. Inakauka ngumu kama kioo na inakatika kama kioo. Ubaya zaidi, inaziba vitundu vya mbao, hivyo hata gundi sahihi ikija baadaye haipati pa kuingia. "Gundi ya mbao lazima ikutane na mbao." Kwa hiyo Jumatano nzima kazi yangu ilikuwa kuondoa uchafu wangu mwenyewe. Kitambaa, asetoni kidogo, patasi kali iliyolazwa, kwangua taratibu. Kulimwaga lile tone kulinichukua nusu dakika. Kuliondoa kulinichukua saa tatu, na mgongo ukapinda kama mkunga.

Jioni mzee akataka kuona mbavu za ndani kama zimepona. Akaingiza kioo kidogo cha mkono kwenye tundu la gitaa, akamulika na tochi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kuna fundi mwingine alishapita humu."

Akanipa kioo. Nikaona ufa wa zamani kwenye uso, kwa ndani, na juu yake kimegundishwa kipande cha mbao kukatisha ufa. Kibao chembamba, kimenyooka, kina mistari mistari. Nikasogeza tochi. Ile mistari ilikuwa na namba. Saba, nane, tisa, kumi. Na pembeni, herufi tatu zilizochomwa kwa msumari wa moto.

Herufi tatu za mwanzo za jina langu.

Msomaji, mwaka 2008 nikiwa darasa la nne nilipoteza rula ya mbao. Nilitafuta kila mahali. Mama alinichapa, akasema mimi ni mtoto nisiyetunza vitu, ipo siku nitapoteza hata kichwa. Nililia. Na baba alikuwepo! Alikuwa kibarazani, anasikia, kimya. Miaka yote hiyo rula yangu ilikuwa imo tumboni mwa mke mwenza, inafanya kazi.

Nikamweleza mzee. Safari hii hakucheka. Akaigusa kwa ncha ya kidole, akasema, "Huyu hakuwa fundi, lakini alikuwa na subira. Alisafisha, akatumia gundi ya mbao, akabana, akangoja. Imeshika. Siitoi."

Nilirudi nyumbani nina hasira, na kwenye daladala hasira ikaanza kugeuka kitu kingine. Nikakumbuka habari ya Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen, lile ambalo mwimbaji wake alikuwa Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Brian May alikuwa kijana wa miaka 16 huko London, nyumbani hawana pesa ya gitaa la dukani. Agosti 1963 yeye na baba yake, Harold, ambaye alikuwa mhandisi wa vifaa vya umeme, wakaanza kulitengeneza lao nyumbani. Shingo waliichonga kutoka mbao ya mahali pa kuotea moto, mbao ya zamani iliyokuwa na matundu ya wadudu ambayo kijana aliyaziba kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka kwenye pikipiki ya mwaka 1928. Vidoti vya shingoni vilikuwa vifungo kutoka boksi la ushonaji la mama. Hata sindano yake ya kufumia ilichangia kipande. Kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Gitaa hilo ndilo alilopiga mbele ya umati wa Wembley mwaka 1985, na ndilo alilopanda nalo juu ya paa la jumba la malkia wa Uingereza mwaka 2002.

Kilichoniuma si umaarufu. Kilichoniuma ni kwamba wale wawili walifanya pamoja. Mimi na baba tumetengeneza gitaa moja, kila mtu kwa wakati wake, kila mtu kwa kujificha, tena mmoja akimwibia mwenzake rula.

Alhamisi mzee akaondoa daraja la zamani moja kwa moja, lilikuwa limepata ufa. Jipya akalichonga kutoka kipande cha mpingo alichopata kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Mpingo ni mgumu na mzito, ukiutupa kwenye ndoo ya maji unazama. Una mafuta mafuta, hivyo kabla ya gundi anaupangusa kwanza kwa asetoni, la sivyo gundi inateleza. Kile kijiti cheupe kinachokaa juu ya daraja, ambacho kwenye gitaa letu kilikuwa cha plastiki, akakitengeneza kwa mfupa wa ng'ombe. Mfupa ule ule wa supu, umechemshwa ukatoka mafuta, ukakaushwa, ukapigwa tupa na msasa. Akabana kila kitu. Akasema, "Saa 24 usiliguse. Nyuzi ni Jumamosi."

Wakati tunangoja nikalipa deni langu kwenye gitaa jipya analojenga. Hapo nikajifunza hesabu ambayo nikiwa sekondari ningeiruka. Vile vyuma vinavyolala shingoni, freti, havipangwi kwa macho. Kama urefu wa uzi unaolia ni milimita 650, freti ya 12 lazima iwe katikati kabisa, 325. Freti ya kwanza unaipata kwa kugawa 650 kwa 17.817, inatoka milimita 36 na nusu hivi. Unaondoa hizo, kilichobaki unagawa tena kwa namba ile ile, unapata ya pili kama 34 na nusu pungufu kidogo, na kuendelea. Ndiyo maana freti zinabanana kadiri unavyokaribia tumbo. Ukikosea milimita moja, gitaa litakuwa zuri kwa picha lakini litaimba uongo mpaka kufa. Mzee anapima mara tatu, anakata mara moja, na akikosea anachoma kuni.

Jumapili baba akarudi. Akakoga, akala, akalitungua gitaa. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye kona ya kibaraza na kikombe cha chai kilichokwisha zamani. Akatazama shingo kwa jicho moja kama seremala anayekagua mbao. Akapitisha kidole chini ya daraja. Akaona mpingo. Akaona mfupa. Akapiga wimbo mmoja mzima bila kusema neno.

"Nani amelitengeneza?"

"Fundi mmoja wa Keko, baba."

"Na nani aliliharibu?"

"Mimi, baba."

Kimya. Nikaona sasa liwalo na liwe. "Baba, nimeiona rula."

Mkono ukasimama kwenye nyuzi. Jikoni mama, ambaye masikio yake ni ya popo, akauliza, "Rula gani?"

"Aa, mama watoto," baba akajibu haraka, "tunaongea mambo ya mafundi."

Baadaye alinieleza kwa sauti ya chini. Usiku mmoja umeme ulikatika, akalipiga teke mwenyewe gizani. Aliogopa mama akijua angesema si nilikwambia ungenunua bati. Rula ndiyo ilikuwa mbao nyembamba pekee ndani ya nyumba. Alitaka kuninunulia nyingine kimyakimya, lakini fimbo ikawahi kabla ya mshahara. "Ilinikaa rohoni," akasema. Kwa baba yangu, huo ni msamaha wa kurasa kumi. Nami nikamwomba wangu, akaniambia nikale.

Kabla sijaaga, nikuachie machache ya bure. Gitaa la nyuzi za plastiki usiliwekee za chuma, hata ukishawishiwa. Usilitundike chini ya bati wala kuliacha ndani ya gari juani, maana gundi hulainika kwa joto. Daraja likinyanyuka hata unene wa karatasi, legeza nyuzi siku hiyo hiyo, umpelekee fundi kabla mbao haijachanika. Ukienda kununua gitaa Kariakoo, beba futi kamba: pima kutoka kile kijiti cha juu kinapoanzia uzi mpaka freti ya 12, kisha kutoka hapo mpaka kijiti cha darajani. Vipimo vikaribiane sana, ule wa pili unaweza kuzidi kwa milimita chache tu. Vikipishana sana, rudisha na uondoke.

Na harusi? Sikupiga. Kaletwa DJ, na yule mtoto kacheza usiku kucha na jamaa mwenye suti. Imeniuma, imepoa.

Ila Jumamosi mbili sasa baba ananifuata Keko. Tumepata ubavu wa kitanda cha zamani, mninga mkavu kabisa, mzee anasema utatoa shingo nzuri. Baba anapiga randa, mimi napima. Tunabishana sana. Hatujui litaisha lini.

Mama, najua gazeti hili huwa unalisoma ukimaliza kupika. Ile rula haikupotea. Na ubavu wa kitanda usiutafute stoo, tunao sisi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.